Mwaka Tulioimba Opera Bulengera

Madame Ngalula amezikwa Lubumbashi, mbali nasi, na habari ilinikuta mchana katika chumba cha walimu, rundo la insha za wanafunzi likiwa mbele yangu. Aliyenipigia simu alikuwa Kasereka, aliyekuwa mpiga kinanda wa parokia yetu ya zamani. Hakutoa salamu. Alisema tu, "Kahindo, Madame alitutoka," kisha laini ikakatika. Jumapili iliyofuata tulikusanyika nyumbani kwa Kasereka, mtaa wa Bulengera hapa Butembo, tuliobaki wa wakati ule, tukakaa kwenye viti vya plastiki, tukanywa chai ya maziwa na kula mikate, na jirani mmoja akauliza huyo marehemu tuliyekuwa tukimlilia alikuwa nani wetu. Hakuwa wa ukoo. Hakuwa Munande, wa kabila letu. Aliletwa kwetu na kazi ya mumewe na akaondolewa na kazi hiyohiyo. Mwishowe Kasereka alijibu, "Alikuwa mutu mwenye alituimbishaka." Jirani aliridhika akaendelea na mkate wake. Mimi sikuridhika, na ndiyo sababu ninaandika.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, na chuo kikuu hakikuwezekana. Nilikaa nyumbani kama wasichana wengi wa Butembo wanavyokaa, nikiuza unga asubuhi na kuimba katika kwaya Jumamosi, na kila Jumapili nilisoma somo la kwanza katika misa ya Kiswahili. Baada ya misa moja, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha njano kichwani alinishika mkono kwenye ngazi za kanisa. Nilimjua kwa sura tu: Madame Ngalula, mwalimu wa Kifaransa katika lise, shule ya sekondari ya wasichana, mke wa mkubwa mmoja wa bureau ya kodi aliyetumwa huku kutoka Katanga. "Weye njo ulisoma?" aliniuliza. Nikasema ndiyo, Madame, ni mimi niliyesoma. "Kesho, kisha saa ya shule, kuya kwangu. Niko na kazi." Nilifikiri anataka mfanyakazi wa nyumbani. Mama yangu pia alifikiri hivyo, akanishauri nisikubali kufua nguo za mume.

Sebule yake ninaiona hata sasa kuliko vyumba vingi nilivyolala. Kuta zilipakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni na nyeupe kutoka hapo kwenda juu, pazia zilikuwa nzito kwa sababu ya vumbi jekundu la barabara, na kando ya kabati la vyombo palikuwa na kinanda cha umeme kilichofunikwa kwa kitenge kama mtoto aliyelala. Kila mara palinukia makayabu, yule samaki wa chumvi ambaye mumewe hakuweza kuishi bila kumla. Siku ile ya kwanza alinipa chai, akaketi, akaniuliza kama ninajua opera ni nini. Sikujua. "Ni mchezo," alisema, "mais, lakini, batu ya ndani hawasemake. Banaimba tu. Hata akitaka kuomba mayi ya kunywa, anaimba." Nilicheka, naye akacheka. Kisha akasimama, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akaimba.

Sijui nieleze vipi. Katika kwaya yetu tulizoea sauti zinazotoka kooni, kali, zenye haraka ya kumfikia Mungu kabla ya kwaya nyingine. Sauti yake ilitoka chini zaidi, kama maji yanayopandishwa kutoka kisimani bila kumwagika, na ilipofika juu haikupiga kelele. Ilifunguka. Bilauri ndani ya kabati zililia. Nyuma ya nyumba, mchi uliokuwa ukitwanga sombe, majani ya muhogo, ulinyamaza. Nilikuwa sielewi neno hata moja, maana alikuwa akiimba kwa Kiitaliano, lakini nilijua kuna mtu anaondoka mahali na hatarudi. Alipomaliza, tuliwasikia wanawake wawili nje ya ua, waliokuwa wakipita kutoka sokoni. Mmoja aliuliza, "Analia?" Mwenzake akajibu, "Hapana, anaimba." Yule wa kwanza akafikiri kidogo, akasema, "Kama kuimba kunamuumiza hivi, si aache." Madame Ngalula aliketi akajifunika uso kwa kitambaa chake, na mabega yake yakatikisika kwa kicheko muda mrefu. Baadaye, kila nilipomwona mtu aliyejifunza jambo kubwa akajiona mkubwa kwa sababu yake, nilikumbuka kicheko kile.

Aliwahi kujifunza nyimbo zile Lubumbashi, alipokuwa msichana, kwa sista mmoja mzee aliyewafundisha wanafunzi watatu tu. Wenzake wawili waliacha. Yeye aliolewa, akazaa, akahamishwa mji baada ya mji kwa kazi ya mumewe, na katika kila mji aliimba sebuleni. Sasa alitaka kuimba mbele ya watu. Lakini hakutaka watu wakae kama wamefungwa, wakisikia lugha wasiyoijua. Alitaka kabla ya kila wimbo mtu asimame asome kitu kwa Kiswahili, hadithi fupi yenye moyo mmoja na wimbo unaofuata. "Wimbo ni ya batu ya mbali," aliniambia. "Mbele ya wimbo, nataka Butembo iseme. Njo nilikuita."

Nilimwambia kwamba mimi ninaimba pia. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilitaka sana. Alinisikiliza niimbe, akaweka kidevu mkononi, akasema bila ukali, "Sauti yako ya kuimba ni muzuri, inafanana na ya benzako yote. Mais sauti yako ya kusoma haifanane na ya mutu." Nilirudi nyumbani nikiwa nimeumia. Nilipita kwenye njia ya juu ili nisikutane na watu wa kwaya. Ilinichukua wiki kuelewa kwamba hakuwa amenipunguzia, bali alikuwa amenipa kitu, na tangu hapo sijui mtu mwingine aliyewahi kuniambia ukweli kuhusu nafsi yangu kwa maneno machache vile.

Basi nikawa msomaji, na kwa sababu hapakuwa na hadithi za kusoma, nikawa pia mtafutaji wa hadithi. Alinituma kwa watu. Nilikaa na mjane aliyeuza viazi, na fundi aliyewahi kusafiri kwa miguu kutoka Lubero, na msichana aliyekuwa akimsubiri mchumba aliyekwenda kutafuta dhahabu. Nilirudi nikaandika kwa Kiswahili cha mtihani, chenye machozi yanayotiririka na mioyo inayopasuka. Madame alisoma karatasi ya kwanza, ya yule mjane, akaniwekea mezani. "Hii ni ya examen. Huyu mama, siku ile balimuletea habari ya kifo cha bwana yake, alikuwa anapika nini?" Sikujua. "Rudia, umuulize." Nilirudi kumwuliza mjane, nikiona aibu, na mjane akanijibu mara moja kama aliyesubiri swali hilo kwa miaka: maharagi, na yaliungua, na harufu ya maharagi yaliyoungua haimtoki. Niliandika hivyo. Madame alisoma, akaenda dirishani. Nimefundisha uandishi miaka mingi sasa, na sijapata somo lingine la kuwapa wanafunzi wangu zaidi ya lile.

Kasereka ndiye aliyepiga kinanda. Alikuwa kijana mkimya, mwenye vidole virefu, aliyezoea nyimbo za misa, na Madame alimfundisha kusubiri pumzi ya mwimbaji. "Usinikimbize, Kasereka. Mimi si basi." Tulifanya mazoezi sebuleni mara mbili kwa wiki, na kila mara tulikula baadaye: bugali, sombe, makayabu, na mume wa Madame, Papa Ngoyi, akiwa mwisho wa meza na miwani yake, akisema mkewe angeweza kuwa tajiri kama angeuza chumvi badala ya kupoteza pumzi. Alisema hivyo kila wiki. Na kila wiki, wimbo ulipoanza, alizima redio yake kabla hajaombwa.

Tatizo lilikuja na sauti ya mwanaume. Madame alitaka wimbo wa baba mzee anayemwita mtoto wake arudi nyumbani, na wimbo ule unahitaji sauti nzito. Katika kwaya zetu zote hakuridhika na hata mmoja. Kisha Jumapili moja, katika misa, alisikia kutoka kwenye viti vya nyuma sauti iliyobeba kanisa lote kutoka chini kama msingi wa nyumba. Akageuka. Alikuwa mwanaume mnene mwenye shati la kiraia. Alimfuata hadi nje kama alivyonifuata mimi. Mazoezi yaliyofuata, tulipoingia sebuleni, mtu huyo alikuwa ameketi karibu na kabati, magoti pamoja, kikombe cha chai kikiwa kidogo mno mkononi mwake. "Huyu ni Kapiteni Lokuli," alisema Madame. "Ni mutu ya Mbandaka. Alisomaka kwa bapadri akiwa kijana."

Kasereka alitazama viatu vya yule mtu, viatu vyeusi vya jeshi chini ya suruali ya kiraia. Alichukua kitenge, akakifunika kinanda polepole, akatoka. Hakupiga mlango. Tulisikia tu hatua zake kwenye kokoto.

Madame hakujua, na mimi ndiye niliyemweleza. Muhindo, mdogo wake Kasereka, alikuwa amekwenda upande wa Mbau, kaskazini ya Beni, kuvuna kakao katika shamba la mjomba wao. Wauaji walitoka msituni alfajiri, wakamuua. Askari walikuwa na kambi si mbali na pale. Walifika jua likiwa limepanda. Madame alisikia yote hayo akiwa amesimama, kisha akamgeukia kapiteni, na kapiteni akaweka kikombe chini, akasema kwa Kiswahili chake cha kukokota, "Mama, mimi natoka. Hapana shida." Madame akamjibu, "Ukae. Unywe chai yako. Mimi njo nitatoka." Akachukua kitambaa chake, akanishika mkono, tukaenda kwa miguu hadi kwa kina Kasereka.

Nilidhani anakwenda kumbembeleza. Walitukaribisha jikoni, chumba cha tofali kisicho na dirisha, chenye moshi, na mama yake Kasereka akatupa viazi na maharagi kwenye sahani moja. Madame alikula. Alikula kama mtu mwenye njaa, akasifu chumvi, akaongea na yule mama juu ya baridi ya Butembo inavyoingia magotini. Kasereka alikaa kwenye kigoda akitazama moto. Sahani ilipokwisha, Madame alisema, "Kasereka, sikuya kukuomba upige. Nilikuya kusikia juu ya ndugu yako. Simuyue, sikumuonaka." Kasereka alisukuma ukuni motoni. Kisha akaanza kusema. Alisema jinsi Muhindo alivyokuwa akipiga mluzi akitembea, hata usingizini midomo yake ilikaa hivyo. Alisema alikuwa amevaa sweta ya Kasereka siku ile, bila ruhusa, na kwamba Kasereka alikuwa amekasirika asubuhi nzima juu ya sweta hiyo, mpaka simu ilipolia. Mama yake alikuwa akiosha sahani ileile moja bila kukoma. Alipomaliza, Kasereka alinitazama mimi, si Madame. "Andika," alisema. "Nitapiga. Mais ile habari yote, isomwe mbele ya ule kapiteni. Na pahali ya basoda, ya askari bale, usipunguze hata neno moja."

Niliandika kwa siku kadhaa. Nilisoma kwa mara ya kwanza sebuleni, jioni ya mvua, watu watano tu chumbani, Papa Ngoyi akiwa amevua miwani. Nilipofika mahali pa askari, nilitaka kuuruka mstari, lakini nilikuwa nimeahidi. Nikasoma: walifika jua likiwa limepanda, na mmoja wao aliomba maji. Kapiteni Lokuli alikuwa ameinamisha kichwa. Mvua ilipiga bati. Akasema, "Ile siku, mimi nilikuwa Équateur, kwetu. Sikuwa huku." Kasereka hakusogea. "Mais nguo ni moja," alisema kapiteni. "Nguo ni ile ile. Mademoiselle, soma tena. Nisikie muzuri." Nikasoma tena. Nilipomaliza, Kasereka alifunua kinanda, akapiga utangulizi wa wimbo bila kumtazama mtu, na yule kapiteni akasimama akaimba. Walifanya kazi pamoja miezi kadhaa, na katika miezi hiyo sikuwahi kuwasikia wakisalimiana. Lakini Kasereka, ambaye alihitaji kukumbushwa daima asimkimbize Madame, hakuwahi hata mara moja kumkimbiza kapiteni. Alisubiri kila pumzi yake.

Tulicheza Bulengera katika ukumbi wa parokia, mchana baada ya chakula, ili watu wawahi kurudi kwao kabla ya giza. Jenereta iliwekwa nyuma ya choo, mbali, na waya ukavutwa juu ya nyasi, maana Madame alisema hawezi kuimba juu ya ngurumo. Padri alikuja mapema kuniuliza pembeni kama ndani ya nyimbo hizo kuna uzinzi. Nilimwambia kuna kidogo, lakini kwa Kiitaliano. Akaketi mstari wa mbele. Ukumbi ulijaa: wauzaji, walimu, watoto wa lise, wamama na vikapu vyao, wake wa maofisa waliovaa vizuri. Noti ya kwanza ya juu ya Madame ilipotoka, vijana wa nyuma waliiga, wakapiga kelele kama jogoo, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Niliyekuwa nimesimama kando na karatasi zangu niliona aibu mpaka miguuni. Madame aliacha kuimba. Alicheka nao. Alisema, "Bien. Ninyi ya nyuma, muimbe tena, mais mushike pumzi mpaka mimi nitamaliza." Walijaribu. Hawakufika hata nusu. Yeye aliendelea peke yake, ile noti moja, ikinyooka na kunyooka, mpaka nikaona wamama wakishika vifua vyao kwa kumwogopea. Hakuna aliyecheka tena mchana ule. Niliposoma habari ya maharagi yaliyoungua, mjane alikuwa mstari wa tatu, ameketi wima kama bibi arusi.

Walimu wa Beni waliokuwepo ndio waliotualika kwao. Kati ya mwaliko na safari mambo yaliharibika. Upande wa kaskazini mapigano yaliongezeka, na Kapiteni Lokuli akatumwa huko na watu wake. Alimpigia Madame simu mara moja, mtandao ukikatikakatika, akasema atajaribu. Tulipanda gari bila yeye. Madame hakufuta wimbo wake katika programu. Nilimwuliza nani ataimba. "Kasereka atapiga," alisema, "na mwenye ataimba hatakuwapo. Batasikia vile."

Beni wakati ule ilikuwa mji uliojifunza kusikiliza. Mtu akiangusha sufuria, mtaa mzima uligeuza kichwa. Ukumbi wa shule uliojaa ulikuwa kimya hata kabla hatujaanza, na wengi walikaa karibu na milango. Kati yao walikuwapo waliokimbia kutoka vijiji vya njia ya Oicha, wakiwa na nguo walizopewa. Niliposoma niliona nyuso ambazo hazikuhitaji kuelezwa kitu. Tulifika kwenye habari ya Muhindo. Nilisoma mluzi, nikasoma sweta, na nilikuwa nimefika mahali pa askari wakati mlango wa nyuma ulipofunguka, na mwanaume mwenye mavazi kamili ya jeshi akaingia, matope mpaka magotini.

Watu waliinuka. Kiti kilianguka. Mama mmoja alimvuta mtoto wake chini ya meza. Nilimtambua baada ya pumzi moja, lakini wao hawakumjua. Alikuwa kapiteni wetu. Alivua kofia yake, akainua mikono yote miwili ili waione kwamba ni mitupu, akabaki palepale mlangoni. Niliushika mstari kwa kidole. Sentensi iliyofuata ilikuwa ileile ya askari, na mwenye nguo ile alikuwa mbele yangu, na ukumbi mzima ulikuwa umenigeukia kuona nitafanya nini. Nilimtazama Madame. Hakunipa ishara yoyote. Nilimtazama Kasereka, alikuwa ameweka mikono mapajani. Kisha kapiteni, kutoka kule mlangoni, aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayesema endelea. Nikasoma. Walifika jua likiwa limepanda, na mmoja wao aliomba maji. Nilisoma kwa sauti iliyofika mpaka ukuta wa nyuma.

Na Kasereka akaanza kupiga kinanda. Kapiteni Lokuli aliimba akiwa amesimama mlangoni, kofia kifuani, bila kusogea hatua. Sauti yake ilikuwa imechoka, ilikuwa na mikwaruzo ambayo haikuwapo Bulengera, na mahali pawili ilikaribia kukatika, na mahali pote pawili Kasereka alimsubiri. Ulikuwa wimbo wa baba anayemwita mtoto arudi nyumbani. Waliokaa karibu na milango hawakuondoka. Yule mama alimtoa mtoto wake chini ya meza akamweka mapajani. Wimbo ulipokwisha hapakuwa na makofi, na nilidhani tumeshindwa, mpaka sauti ya mwanaume mzee ikatoka katikati ya ukumbi: "Arudie." Wengine wakasema, "Arudie." Akarudia. Kisha gari likapiga honi nje, akavaa kofia. Kabla hajatoka, Kasereka aliinuka kutoka kwenye kinanda, akapita katikati ya watu wote mpaka mlangoni. Sikusikia walichosema. Niliona tu mikono yao ikishikana, na Kasereka ndiye aliyetangulia kunyoosha wake. Kapiteni hakufa katika vita vile, Mungu asifiwe. Alihamishwa, akastaafu, na mpaka leo anafundisha kwaya huko kwao kando ya mto.

Katika programu ulikuwa umebaki wimbo mmoja, mkubwa kuliko yote, wimbo wa Madame, ule alionionyesha siku ya kwanza na alioufanyia kazi mwaka mzima. Alikwenda mbele, akawatazama watu, akasema, "Tulimaliza. Mutembee na Mungu." Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Batu walishiba, Kahindo. Sitabaongezea chakula juu ya chakula." Nimewaona waimbaji wengi tangu wakati ule, na wasemaji, na maaskofu. Sijaona mwingine aliyejua kukaa kimya namna ile akiwa na kitu kizuri kinywani.

Tulilala kwa shangazi yake Kasereka, karibu na barabara ya Mavivi. Jua lilikuwa bado halijazama tulipoketi kula, sote kwenye mkeka mmoja, na pamoja nasi alikuwapo mama mkwe wa shangazi, bibi mkongwe tuliyemwita Mukaka, aliyekimbia kijiji chake huko Mbau. Hakuwa amefika ukumbini kwa sababu ya miguu. Alimwambia Madame, kwa Kinande, kwamba amesikia kuna mwanamke anayeimba na yeye amekosa. Nilitafsiri. Madame alinawa mikono, akabaki ameketi palepale kati ya sahani, akaimba ule wimbo aliounyima ukumbi. Aliimba kwa sauti ya chini, kama anavyoimbiwa mtoto, na Kasereka akapiga taratibu kwa vidole kwenye goti lake.

Mukaka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza wimbo unasema nini. Sikuwa na karatasi. Nilimwambia kwa Kinande, kwa maneno yangu: mwanamke anaiaga nyumba aliyozaliwa, anakwenda mbali peke yake, na nyumba haitamwona tena. Mukaka alitafuna kidogo, akauliza, "Alipoondoka, aliacha mlango wazi au aliufunga?" Nilimtafsiria Madame. Madame alifikiri kwa uzito, kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa na mwenzake wa kazi. "Mwambie mwenye aliandika hakusema," alijibu. "Muulize yeye anaona namna gani."

Nilimuuliza. Mukaka alitazama nje, ambako watoto wa jirani walikuwa wakifukuzana.

"Aliacha wazi," alisema. "Mimi niliacha wazi. Kuku walikuwa bado nje."

Madame hakusubiri nitafsiri. Sijui alielewa vipi. Alichukua mkono wa bibi yule, akauweka mapajani pake, akaanza wimbo upya tangu mwanzo.